Besi Yetu Yenye Nundu

Ndugu wasomaji, tunawaandikia toka Lobule, hapa Koboko. Katika ukurasa huu wa familia tumezoea kusoma habari za chanjo, za shule, za mbegu na za visima. Leo tunaomba mtuvumilie tuzungumze juu ya gitaa. Msicheke kwanza. Gitaa hilo lilileta ugomvi nyumbani kwetu, likamliza mtoto wetu, na karibu litumalizie heshima mbele ya kwaya nzima. Tunawaandikia ili nyinyi msipite njia ileile.

Sisi ni baba na mama wa watoto watano. Tulivuka mpaka toka upande wa Aru, Ituri, mwaka 2014, mwaka mmoja baada ya kambi hii kufunguliwa. Tunaandika pamoja, kwa hiyo tunasema "sisi". Pale tulipokosana tutasema "mmoja wetu", na tafadhali msiulize ni yupi.

Binti yetu wa pili alianza muziki kwa adungu. Wale waliofika karibuni labda hawaijui: ni kinubi cha ndugu zetu Waalur, wa Nebbi huku na wa Mahagi kule kwetu, na siku hizi makanisa mengi ya West Nile yanaimba nayo. Zipo ndogo za sauti ya juu na ipo kubwa ya besi, yenye sanduku pana unaloweza kudhani ni mtumbwi. Binti yetu alikuwa anakaa nyuma ya ile kubwa toka ana miaka kumi na moja. Anavuta uzi mnene, na akina mama mbele wanaanza kutikisika kabla hata wimbo haujaanza. Hapo ndipo tulipojua kwamba mtoto huyu ana sikio la besi.

Ninyi mliokulia upande wa Kongo mnajua besi ni nini. Wazee wanaosikiliza nyimbo za TPOK Jazz ya Franco humtaja na Decca Mpudi aliyekuwa anapiga besi. Gitaa la solo linasifiwa, mwimbaji anatunzwa pesa, lakini besi ikinyamaza wote wanajikwaa. Ni kama nguzo ya katikati ya nyumba: mgeni akiingia haisifii, lakini jaribu kuing'oa uone.

Basi, kwaya ikaamua kununua gitaa la besi la umeme. Spika ya kuchaji kwa sola tulikuwa nayo tayari. Ilikuwa mwaka 2024, wakati mgao wa chakula ulikuwa umeshapunguzwa, na familia nyingine zilikuwa zimeondolewa kabisa kwenye orodha. Kwa hiyo mjue pesa hiyo haikutoka mahali pa mchezo. Ilitoka kwenye karanga, kwenye ufuta, kwenye vibarua vya kupalilia mashamba ya wenyeji wetu. Mama mmoja mjane alileta shilingi elfu mbili zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa. Tulipohesabu zote tulipata laki sita na ishirini elfu. Wakatuchagua sisi twende Arua kununua, kwa sababu mmoja wetu aliwahi kuishi Bunia karibu na wanamuziki na alijisifu kwamba anajua magitaa.

Toka Koboko mpaka Arua ni kama kilomita 55, barabara ya lami, siyo safari ya kutisha. Lakini nauli ni nauli. Mmoja wetu akasema, "Tumpeleke na mtoto, ndiye atakayelipiga." Mwingine akajibu, "Nauli yake ni sabuni ya mwezi mzima. Gitaa ni gitaa." Binti yetu akabaki nyumbani anateka maji. Hilo ndilo kosa letu la kwanza: tulikwenda kununua kiatu, tukauacha mguu nyumbani.

Kule Arua, katika duka moja la vitu vilivyotumika, tulikuta besi mbili zimetundikwa ukutani. Moja ilikuwa na pembe mbili, moja juu na moja chini, kama kichwa cha mbuzi. Ilikuwa ya rangi nyeupe iliyogeuka kuwa njano kama meno ya mvuta tumbaku, imechubuka huku na huku, na ile pembe ya juu ilikuwa ndefu kuliko ya chini. Nyingine, ndugu zangu, ilikuwa bibi harusi. Nyekundu katikati, inaiva kuwa nyeusi pembeni kama embe linaloanza kuungua jua. Mwili wake ulikuwa wa mviringo, umejaa, bega la juu limeteremka laini bila pembe yoyote, na upande wa chini tu kulikuwa na mkato mmoja, kama mtu ameumega mkate mara moja akatosheka. Ni lile umbo ambalo kampuni ya Gibson ya Marekani ililitoa mwaka 1952 katika gitaa lao la Les Paul, na toka hapo limeigwa dunia nzima. Hii ya kwetu ilikuwa ya kuigwa, lakini macho hayaulizi cheti.

Muuzaji akakaa kwenye stuli, akaliweka juu ya paja, akapiga. Sauti nzito, safi. Akaturuhusu na sisi tukae tujaribu. Juu ya paja lilitulia kama paka. Ile yenye pembe hatukuigusa hata kidogo, ingawa ilikuwa na bei pungufu kwa shilingi elfu themanini. Mmoja wetu alisema maneno ambayo leo yanamrudia: "Kwaya ya wakimbizi nayo inastahili kitu kizuri." Na kusema kweli, maneno hayo hayakuwa mabaya. Mtu aliyekula sahani ya mgao miaka kumi anachoka kuchukua kila kitu kilichochubuka. Tulitaka siku moja watu waone kitu chetu waseme, ee!

Na kweli walisema. Tulipolifungua Lobule, watoto walijaa mlangoni. Mwalimu wa kwaya alilipangusa kwa shati lake mwenyewe. Jumapili ya kwanza hakuna aliyesikiliza mahubiri.

Jumapili ya pili ndipo shida ilipoanza. Kwaya yetu haikai, inasimama na kucheza, na mpiga besi naye anasimama, gitaa limening'inia kwa mkanda begani. Binti yetu alipoliachia kidogo ili apige makofi, shingo ya gitaa ikaanguka chini kuelekea sakafu. Akalidaka. Akaanza tena. Shingo ikashuka tena. Kwa hiyo mkono wa kushoto, ambao kazi yake ni kubonyeza nyuzi, ukawa unafanya kazi mbili: kuinua shingo na kutafuta noti. Noti zikaanza kuchelewa. Ngoma inakwenda, besi inafika nyuma yake kama mgeni aliyekosa gari. Watu wakageuka kuangalia.

Hiyo haikuwa siku moja, ilikuwa wiki sita. Binti yetu alirudi nyumbani anasugua bega na kifundo cha mkono. Alituambia, "Baba, gita iko muzuri, lakini inanikataa." Na sisi tulifanya nini? Tulimkemea. Tulimwambia hafanyi mazoezi, tulimkumbusha pesa ya mama mjane. Kwenye kwaya wakaanza minong'ono kwamba besi ya umeme ni ya wavulana, msichana mikono yake mifupi, arudi kwenye adungu. Kijana mmoja mrefu akapewa alijaribu. Yeye alilimudu kidogo zaidi kwa sababu ya urefu wa mikono, ingawa sikio lake lilikuwa la mbuzi. Mwalimu wa kwaya akatuita, akasema kwa upole kwamba labda mtoto apumzike kwanza. Usiku ule binti yetu hakula, na asubuhi hakutaka hata kuigusa ile adungu.

Kilichotuokoa ni uchokozi. Mmoja wetu alikuwa bado anamlaumu mtoto. Mwenzake akachoka, akachukua gitaa, akamvika begani. "Wewe mkubwa, una mikono mirefu. Simama hapo nusu saa. Usilishike shingo." Shingo ikaanguka. Akalirudisha. Ikaanguka. Baada ya dakika ishirini mkubwa huyo alivua gitaa kimya kimya, akakaa. Kumbe! Tatizo halikuwa la mtoto.

Tukalipeleka kwa fundi seremala mmoja mzee, Mkakwa, mwenyeji wetu pale mjini Koboko. Yeye hapigi gitaa, anatengeneza milango na vitanda. Lakini alilivaa, akaliachia, akaliangalia linavyoanguka, akacheka. Akatutolea jembe toka pembeni. "Weka begani," akasema. "Chuma nyuma, karibu na bega. Sawa? Sasa sukuma, chuma kiende mbali." Chuma kilipokwenda mbali, jembe likavuta mgongo kama linataka kutuangusha. "Hii yenu ni hivyohivyo. Iko na shida ya mizani. Mkanda umefungwa mahali pabaya."

Hapo ndipo tulipoanza kuuliza wanaojua na kujifunza, na tunawapa faida bila malipo. Ule mkato wa chini hauko kwa urembo tu. Uko kwa ajili ya mkono, ili mpigaji afike kwenye zile freti za juu, karibu na mwili, kwenye sauti nyembamba. Kwa gitaa la kawaida, mkato mmoja unatosha vizuri, kwa sababu shingo yake ni fupi na nyepesi. Lakini besi ina shingo ndefu, nyuzi nene, na vyuma vizito vya kukazia nyuzi kule kichwani. Kampuni ya Fender ilipotoa besi yake ya Precision mwaka 1951, ilikuwa tayari na gitaa la mkato mmoja. Hawakulirefusha tu wakaliita besi. Waliongeza pembe ya pili upande wa juu, wakairefusha, na kifungo cha mkanda wakakiweka kwenye ncha ya pembe hiyo. Kwa hiyo ile pembe tuliyoidharau kule Arua, ile ya kichwa cha mbuzi, ndiyo inayobeba mzigo.

Tulipima ya kwetu kwa tepu ya cherehani. Uzi, toka daraja mpaka kule mwanzo wa shingo, ni sentimita 86, kipimo cha besi nyingi za kawaida. Freti ya 12 iko nusu kamili ya uzi, yaani sentimita 43 toka darajani; kwenye besi nyingi za pembe mbili, kifungo cha mkanda kinafika karibu na hapo. Cha kwetu kiko kwenye bega lililoteremka, usawa wa freti ya 16, sentimita 34 tu toka darajani. Tofauti ni sentimita 9. Ni upana wa kiganja tu, lakini zinaumiza mara mbili: shingo inavutwa chini, na gitaa zima linasogea kushoto, kwa hiyo freti ya kwanza inakimbia mbali na mkono. Na freti ya kwanza yenyewe ni pana karibu sentimita 5. Mtoto wa miaka kumi na tano alikuwa anafukuza gitaa kila wimbo, na sisi tunamwambia afanye mazoezi.

Na yale ya kufika kwenye freti za juu, je? Hesabuni nyimbo zetu. Besi ya kwaya, hata besi ya rumba, muda mwingi inakaa chini na katikati ya shingo. Yaani tulilipia urahisi wa mahali ambapo mtoto hafiki mara nyingi, tukakosa raha ya mahali anapokaa siku nzima.

Msituelewe vibaya kwamba besi ya mkato mmoja ni mbaya. Iko nyingine ya aina hiyo ambayo ni kinyume cha ya kwetu. Mwaka 1975 mpiga besi wa Marekani, Anthony Jackson, alitengenezewa na fundi Carl Thompson besi ya nyuzi sita, na baadaye akaendelea kuiboresha na mafundi wa Fodera kule New York. Katika besi za namna hiyo mkato ni mmoja, wa chini, lakini upande wa juu mbao ya mwili haiteremki: inapanda pamoja na shingo, inaishika mpaka karibu na freti ya 12. Shingo inakuwa imara, haitikisiki ovyo, wapigaji wengi wanasema noti zinatoka sawasawa toka chini mpaka juu, na kifungo cha mkanda kinakuwa mbele pale panapotakiwa. Hasara zake nazo zipo. Mbao imeongezeka, kwa hiyo uzito unaweza kuongezeka. Ikichongwa vibaya inazuia kidole gumba nyuma ya shingo. Bei yake msiulize. Na sura yake inagawa watu: mmoja anaona mwanamke aliyejifunga kanga bega moja, mwingine anaona chura.

Tulipomweleza mzee seremala habari hizo, alisikiliza, halafu akaokota kipande cha mvule kilichobaki kwenye mlango wa mtu. Shingo ya gitaa letu imefungwa kwa skrubu nne nyuma. Akatoa mbili za juu, akatafuta ndefu zaidi, akakipitisha kile kipande hapo, kikapanda kandokando ya shingo upande wa juu mpaka freti ya 12. Kwenye ncha akahamishia kifungo cha mkanda. Mara ya kwanza kilikuwa kinene, kidole gumba cha binti yetu kikagonga. Akasema tu, "Babu, hapa." Mzee akapiga randa. Akajaribu tena. "Hapa kidogo." Akapiga msasa. Tulisimama pembeni tunaona haya: huyu mzee asiyejua noti alikuwa anamuuliza mtoto maswali ambayo sisi hatukuwahi kumuuliza. Akatushauri pia tuache ule mkanda wa nailoni unaoteleza, tukashona mkanda mpana wa ngozi, upande wa ndani ukiwa wa kukwaruza ili ushike nguo. Alichukua shilingi elfu ishirini, akakataa zaidi.

Na sura? Imeharibika, hatuwadanganyi. Lile bega laini la bibi harusi sasa lina kipande cha mbao ya kahawia kimechomoza, kama nundu ya ng'ombe. Rangi hazipatani. Watoto walilipa jina siku hiyohiyo, "Nundu", na mmoja wetu alisikitika kimoyomoyo kwa siku kadhaa. Halafu tukakumbuka kwamba kule Kinshasa fundi Socklo ametengeneza magitaa miaka mingi kwa mbao na vyuma vya kuokoteza, na wanamuziki wanapanda nayo jukwaani. Hakuna anayewauliza kwa nini rangi hazipatani.

Kurudi kwenye kwaya haikuwa rahisi. Maneno yakishasemwa hayazolewi. Ilibidi sisi wazazi tusimame siku ya mazoezi, tuseme mbele ya watu: pesa mlitupa sisi, tulichagua kwa macho, hatukumpeleka mtoto, na tukamtwisha lawama isiyo yake. Yule mama mjane alikuwepo. Alituangalia muda, akasema, "Basi piga, mwanangu." Binti yetu akavaa, akaachia mikono yote miwili ili aone. Shingo ikabaki palepale. Akaiangalia kama mtu anayeangalia mbwa aliyewahi kumuuma. Halafu akaanza, na ngoma ikamkuta ameshafika.

Krismasi ile alipiga toka mwanzo mpaka mwisho akiwa amesimama. Lakini tuseme ukweli wote: bega bado linamuuma wimbo ukiwa mrefu, maana nundu haikupunguza uzito. Na mpaka leo akituletea neno gumu, anatuangalia usoni kwanza kabla ya kulimaliza. Hilo seremala hakuweza kulirekebisha. Tunalirekebisha sisi, polepole.

Kwa familia na vikundi vinavyokusanya pesa za chombo, tunawaachia haya machache. Mpelekeni yule atakayelipiga, hata kama ni mtoto, hata kama nauli inauma. Alivae akiwa amesimama, siyo juu ya stuli. Aachie mikono yote miwili, ahesabu mpaka kumi, shingo isianguke. Angalieni kifungo cha mkanda cha juu: kadiri kinavyokaribia freti ya 12, ndivyo mizani inavyokuwa nafuu. Apige akiwa amesimama walau wimbo mmoja mzima, maana maumivu hayaji kwenye noti ya kwanza. Kwa mwenye mikono mifupi, ulizieni besi yenye uzi mfupi, wa sentimita 76 hivi. Zipo, na freti zake zimekaribiana. Na mkishapenda sura, pendeni, sura nzuri si dhambi. Ila iwe ya mwisho kuulizwa.

Mwenye kutaka kuja kulijaribu Nundu kabla ya kwenda Arua, karibu sana, siku za mazoezi huwa lipo. Lakini ombeni ruhusa kwa mwenyewe, siyo kwetu.

Mungu awalinde nyote. Ni sisi, wazazi wa mpiga besi, Lobule.